Trekta dogo kwa shamba dogo: Hesabu saa za kazi kabla ya kuuliza bei

KATIKA maeneo mengi ya Kenya, mashamba ya jadi yamegawanywa baina ya ndugu mara kadhaa hivi kwamba kila nyumba imesalia na ekari mbili au tatu. Ndani ya ekari hizo mna nyumba yenyewe, zizi la ng'ombe, migomba na kipande cha mahindi. Vijana waliokuwa wakishika jembe wamehamia mijini kutafuta ajira, na vibarua huwa adimu pindi mvua inapokaribia, kwa kuwa kila mtu huwahitaji wakati huo huo.

Si ajabu basi kwamba wenye mashamba ya aina hii huvutiwa na matrekta madogo. Hata hivyo, mashine iyo hiyo inayoweza kumpunguzia mkulima mateso ya jembe yaweza pia kumtumbukiza katika deni la kumfukuza kwake. Wanunuzi wengi hutazama ukubwa wa injini na bei, ilhali swali linalostahili kutangulia ni hili: trekta hilo litafanya kazi saa ngapi kwa mwaka?

Kuna aina mbili kuu za matrekta madogo. Ya kwanza ni ya magurudumu mawili, ambayo mwendeshaji huyafuata kwa miguu akiwa ameshika mikono miwili mithili ya toroli. Mengi huwa na nguvu za farasi kati ya 7 na 18. Aina ya pili ni ya magurudumu manne, yenye kiti na usukani, na yale yanayofaa boma la kawaida huwa na nguvu za farasi baina ya 15 na 30.

Hesabu ya saa

Ekari moja ina takriban mita 4,047 za mraba. Trekta la magurudumu mawili lenye kifaa cha kutifua udongo chenye upana wa sentimita 60, likienda kilomita mbili kwa saa, lingemaliza mita 1,200 za mraba kwa saa iwapo halingesimama kamwe. Lakini lazima ligeuzwe, lizunguke miti na kuondolewa nyasi zinazonasa. Robo ya muda huo ikipotea, litalima mita 900 kwa saa, yaani ekari moja kwa saa nne na nusu. Katika kazi hiyo mwendeshaji atakuwa ametembea karibu kilomita saba kwenye udongo uliotifuliwa. Kwa mtu mwenye umri mkubwa, hilo si jambo dogo.

Trekta la magurudumu manne lenye kifaa cha upana wa mita 1.2, kwa mwendo wa kilomita tatu kwa saa, litamaliza ekari hiyo kwa saa moja na nusu. Mwenye ekari mbili anayelima misimu miwili kwa mwaka atalitumia kwa saa sita pekee kati ya Januari na Desemba. Siku nyingine zote litakaa chini ya paa, tairi zikichakaa na betri ikififia.

Hapo ndipo gharama inapofaa kupimwa. Chukulia kwa mfano kwamba trekta la magurudumu mawili limenunuliwa kwa Sh200,000, likatumika miaka minane, kisha likauzwa kwa Sh40,000. Litakuwa limepoteza Sh20,000 kila mwaka. Matengenezo yakigharimu Sh10,000, mwenyewe hutumia Sh30,000 kwa mwaka hata kabla ya kununua mafuta. Ikiwa kukodi trekta eneo hilo hugharimu Sh4,000 kwa ekari, na mafuta ya trekta lake ni Sh1,000 kwa ekari, basi huokoa Sh3,000 kwa kila ekari. Atahitaji kulima ekari 10 kwa mwaka ili asipate hasara. Shamba lake la ekari mbili, likilimwa mara mbili, ni ekari nne tu.

Bei hizo ni za mfano na kila mnunuzi yafaa aweke zile za kwao. Mkopo ukihusishwa, riba nayo iongezwe. Lakini njia ya kupiga hesabu haibadiliki, na jibu lake mara nyingi ni kwamba mwenye shamba dogo apaswa ama kukodi, ama kununua kwa ushirika na majirani, ama kuwalimia wengine kwa malipo.

Kinachoweza kubadilisha hesabu hiyo ni kazi nyingine. Injini ya trekta la magurudumu mawili inaweza kuunganishwa kwa mkanda ili kuendesha pampu ya maji, mashine ya kupukuchua mahindi au ya kukatakata majani ya ng'ombe. Likifungiwa trela, litabeba samadi, maji na mavuno. Mfugaji anayelisha ng'ombe wake zizini na kukata majani kila siku aweza kulitumia kwa mamia ya saa kwa mwaka. Kwake yeye, kulima ni ziada tu.

Udongo, mteremko na nafasi

Baada ya saa, kigezo cha pili ni shamba lenyewe. Udongo mwekundu wa maeneo kama Kiambu na Murang'a hutifuka kwa urahisi ukiwa na unyevu wa kiasi. Kinyume chake, udongo mweusi wa maeneo kama Mwea na nyanda za Kano hunata mvua inyeshapo na kuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi. Katika udongo huo mkavu, trekta jepesi huteleza na kurukaruka badala ya kuchimba. Penye mawe mengi, visu vya kutifua huvunjika upesi, na huenda plau ikafaa zaidi.

Aidha, visu vinavyozunguka vikitumiwa miaka nenda miaka rudi kwa kina kile kile huweza kuacha tabaka gumu chini ya udongo laini. Maji hayapenyi, na mizizi ya mahindi hukwama hapo. Anayenunua kifaa hicho hana budi kupanga pia namna ya kulipasua tabaka hilo mara kwa mara.

Mteremko ni suala la uhai na kifo. Matrekta mengi ya magurudumu mawili hukatishwa kona kwa klachi mbili ndogo, moja kwa kila gurudumu. Kwenye tambarare, mwendeshaji akibana ya kushoto, mashine huenda kushoto. Lakini kwenye mteremko mkali kuelekea chini, gurudumu lililoachiliwa hukimbia kuliko jingine, na mashine huelekea kulia. Asiyefahamu jambo hilo aweza kuangukiwa na mashine bondeni.

Trekta la magurudumu manne nalo huweza kupinduka, hasa likiendeshwa kukingama mteremko au likivuta mzigo uliofungwa juu kupita kiasi. Ndiyo sababu Sweden iliamuru mwaka wa 1959 kwamba matrekta mapya yawe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva, na vifo vya kupinduka vikapungua mno baadaye. Trekta lisilo na fremu hiyo na mkanda wa kiti halifai kununuliwa kwa ajili ya shamba la milimani, hata bei yake ikiwa nafuu kiasi gani.

Nafasi pia ipimwe kwa futi. Je, lango linatosha? Kati ya migomba na ua kuna pa kugeukia? Trekta kubwa katika kishamba kidogo huacha kingo bila kulimwa, na mwenyewe huishia kuzimaliza kwa jembe.

Vifaa na vipuri

Trekta bila vifaa ni injini ya kutembea tu. Mhandisi Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, ndiye aliyeusambaza mfumo wa kufunga plau kwa mikono mitatu nyuma ya trekta, ili uzito wa plau na ukinzani wa udongo usaidie magurudumu kushika ardhi. Trekta lake la TE20, lililoundwa Uingereza kuanzia 1946 hadi 1956, lilikuwa na nguvu za farasi zisizofika 30, na bado lilifanya kazi ambayo ilihitaji mashine nzito zaidi.

Mfumo huo umeenea duniani kote. Mnunuzi ahakikishe kwamba mikono ya trekta lake inaoana na vifaa vinavyouzwa nchini, na kwamba shafti ya kuendeshea vifaa huzunguka mara 540 kwa dakika, kipimo ambacho vifaa vingi vidogo vimeundiwa. Vilevile aulize bei ya plau, trela na kifaa cha kutifua kabla ya kulipia trekta, kwani jumla yake huwashtua wengi.

Jambo jingine ni vipuri. Kabla ya kununua, ni vyema kuingia katika duka la vipuri lililo karibu na kuulizia chujio la mafuta, mkanda na visu vya trekta hilo. Visipopatikana, mashine itasimama katikati ya msimu. Kwa trekta lililotumika, injini iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa bluu huashiria kwamba inachoma oili, na moshi mweusi usiokoma kwamba hewa haitoshi au mafuta yanazidi. Kisha kifaa kizito kiinuliwe na injini izimwe. Kikishuka haraka, mfumo wa kuinulia umechakaa.

Hatimiliki ibaki sandukuni

Suala zito kuliko yote ni mahali fedha zitakapotoka. Hatari kubwa haiko katika kuharibika kwa trekta bali katika kuweka rehani ardhi ambayo trekta hilo lilinunuliwa kulima. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mume au mke anayeishi katika makao ya ndoa aridhie kabla ya makao hayo kuwekwa dhamana. Mwenzi anayeombwa kutia saini ana haki ya kuiona hesabu ya ekari na saa, wala si picha ya trekta pekee.

Isitoshe, sheria ya 2017 kuhusu dhamana ya mali inayohamishika inaruhusu mali kama vile mashine na mifugo kutumiwa kama dhamana. Kwa hivyo mkopaji aweza kumwuliza mkopeshaji iwapo trekta lenyewe litatosha. Mambo yakienda mrama, atapoteza mashine lakini watoto watakuwa na pa kulala.

Kwa muhtasari, mwenye ekari mbili za mahindi pekee atapata nafuu akikodi. Mwenye ng'ombe, bustani ya mboga na kazi ya kila wiki aanze na la magurudumu mawili, mradi shamba halina mteremko mkali na kuna mtu mwenye nguvu za kulifuata. La magurudumu manne linamfaa yule aliyeafikiana na majirani kuwalimia ekari za kutosha, na maafikiano hayo yaandikwe kabla ya kununua. Na muuzaji yeyote akatae kulileta trekta lijaribiwe katika udongo wa mnunuzi, afadhali mnunuzi atafute mwingine.