Mkulima Anayeanza na Ujima wa Wasukuma

Katika Usukuma ya zamani, kijana aliyeoa na kutoka kwenye mji wa baba yake alianza kilimo akiwa na vitu vichache sana: jembe, mbegu aliyopewa nyumbani, na mke wake. Kilichomlemea zaidi kilikuwa muda. Mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, majani huota pamoja na mtama, na palizi ikichelewa wiki mbili tu, mavuno yanapungua vibaya. Hapo ndipo walipoingia basumba, vijana wa kijiji chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Aliyewahitaji aliomba, wakaja kundi zima, wakalima, naye akawapa chakula, pombe au mnyama wa kuchinja. Ngoma ya bugobogobo, ambayo leo wengi wanaifahamu kutoka jukwaani, ilitoka huko shambani: wachezaji hujipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka kwa pigo moja la ngoma, na anayebaki nyuma huonekana na kila mtu. Kwa kijana asiye na uzoefu, mstari ule ulikuwa pia darasa. Alijifunza kushika jembe na kupima kina cha udongo kwa kumtazama aliye kando yake.

Ninaloliona kubwa katika desturi hii ya ujima ni kwamba kazi ilikuwa ya wote, lakini shamba na mavuno vilibaki vya mwenyewe. Mifugo nayo ilifuata njia hiyohiyo. Mwenye kundi kubwa aliweza kumwekesha ng'ombe mtu asiye nao, huyu akanywa maziwa na kutumia samadi, na pengine akazawadiwa ndama, huku ng'ombe wenyewe wakibaki wa mwenye mali. Nadhani hapo ndipo mashamba ya pamoja ya vijiji vya ujamaa ya miaka ya 1970 yalipokwama. Yaliazima wazo la ujima, lakini yakamwacha mkulima bila kujua gunia lipi ni lake, naye akaziweka nguvu zake kwenye shamba la nyumbani. Kinyume chake, vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba kanda ya Ziwa, vilivyoungana mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, vilipata nguvu kwa sababu kila mwanachama alileta pamba yake ikapimwa kwa jina lake. Serikali ilipoivunja miungano ya ushirika mwaka 1976, mkulima mdogo alipoteza chombo alichokuwa anakimiliki.

Wako watakaosema kwamba desturi hii haikuwa ya huruma kama inavyosimuliwa: aliyekosa kwenda kulima alitozwa faini, na mwenye ng'ombe wengi aliita basumba mara nyingi kuliko maskini. Ni kweli, na hakuna sababu ya kurudisha faini hizo wala kuitukuza pombe ya malipo. Wengine watasema jembe la kukokotwa na ng'ombe na trekta vimemaliza haja ya mikono mingi. Hapa sikubaliani nao. Trekta hulima, lakini kwa kawaida halimpalilii mkulima mdogo wala halimchumii pamba, na kazi hizo mbili ndizo zinazomshinda anayeanza. Tena trekta la kukodi humfikia kwanza mwenye fedha taslimu. Anayeanza husubiri foleni huku mvua ikipita.

Kwa upande wa fedha, leo sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni msaada mzuri. Hata hivyo, vikundi vingi vya kuomba mikopo hiyo huundwa haraka fomu zinapotoka, na watu waliofahamiana mwezi mmoja tu hawana cha kuwafunga fedha zikishagawanywa. Maofisa wa maendeleo ya jamii wakague kwanza mashamba kabla ya katiba za vikundi. Waulize ni nani alimpalilia nani msimu uliopita, na wanaolimiana kwa zamu wapewe mikopo mbele ya wengine.