Siku 22 za mutu wa kazi ya siku
Koperative za mupunga za bonde la Ruzizi zimezoea watu wa kazi ya siku. Lakini koperative ikinunua mashine ya kupura, mutu wa mashine anarudi kila juma. Angalieni: Sheria ya Kazi namba 015/2002, kifungu cha 40, inasema akiisha kutumika siku 22 ndani ya miezi 2, mukimuita tena mbele miezi hiyo iishe, anahesabika kuwa na mukataba usio na mwisho. Kumufukuza kutaomba sababu ya haki. Basi, andikeni katika kaye: jina, tarehe, malipo. Ugomvi ukitokea, unapita kwanza kwa inspekta wa kazi, na kaye itawasaidia nyinyi pamoja naye.