Plastiki laini: Umri wa bidhaa umo katika kilainishi

Bomba gumu la maji na mpira laini wa kumwagilia bustani hutengenezwa kwa plastiki ya aina moja, PVC. Kinachovitofautisha ni kilainishi, kemikali ya majimaji inayochanganywa na PVC kiwandani. Kwa mfanyabiashara wa mipira ya maji, mazulia ya plastiki au nyaya za umeme, humo ndimo fedha yake inamoweza kupotea.

PVC ni minyororo mirefu ya molekuli iliyoshikana. Bila kilainishi, hubaki ngumu hadi joto la nyuzi 80 hivi za Sentigredi. Kilainishi hupenya kati ya minyororo hiyo na kuitenganisha, ikaweza kuteleza. Plastiki hiyo hukunjika na kuvutika kwa urahisi, ingawa nguvu yake ya kuhimili mzigo hupungua.

Bidhaa laini huweza kuwa na kilo 50 za kilainishi kwa kila kilo 100 za PVC. Kiasi kidogo mno hakifai: kikiwa chini ya kilo 10 hivi, PVC huweza kuwa ngumu zaidi na kuvunjika upesi.

Tatizo ni kwamba kilainishi hakiungani na PVC kikemia. Joto hukitoa polepole. Chenye molekuli ndogo, kama DBP, hutoka upesi kuliko DEHP au DINP. Kikitoka, mpira hukakamaa, husinyaa na hatimaye hupasuka. Ndiyo maana rola mbili zinazofanana siku ya kununuliwa huweza kutofautiana sana baadaye.

Afya nayo imeingia katika biashara hii. Kwa kuhofia madhara kwa uzazi, Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha asilimia 0.1 cha DEHP, DBP na BBP katika vitu vya kuchezea watoto kuanzia 2007. Mwaka 2020 kikomo hicho kilipanuliwa hadi bidhaa nyingi za matumizi ya kawaida. Anayeuza huko bila kujua kilainishi kilichotumika anahatarisha shehena nzima.

Mnunuzi wa jumla amtake muuzaji aeleze aina na kiasi cha kilainishi kabla ya kupatana bei. Mpira unaonata au kuacha mafuta mkononi huenda umeanza kukipoteza. Mali ihifadhiwe kivulini, mbali na joto; bei nafuu haina faida iwapo rola itakauka kabla haijauzwa.