Mchora Picha na Jua

Mbuzi mweupe ana rangi gani? Mtoto akiulizwa hivyo atacheka na kujibu: "Si mweupe!" Lakini mtazame vizuri mbuzi huyo saa sita ya mchana, amelala chini ya mwembe. Mgongoni ana rangi ya majani mabichi kidogo, kwa sababu mwanga umepita katika majani kabla ya kumfikia. Tumboni ana wekundu, kwa sababu mwanga umepiga udongo mwekundu na kurudi juu. Jioni, jua likishuka, mbuzi yuleyule anafanana na dhahabu. Mbuzi hakubadilika. Mwanga ndio uliobadilika.

Wako watu ambao kazi yao ni kutazama mambo hayo na kuyaweka katika picha. Hawakai chumbani. Wanakwenda shambani, mtoni au pwani, wanasimamisha kitambaa chao mbele ya milima na miti, na wanapaka rangi ya mafuta palepale. Kazi hiyo inaonekana kama mchezo, lakini ni ngumu.

Kwanza tujue rangi yenyewe. Fundi huchukua unga wa rangi, uliotoka katika udongo, katika mawe au katika madini, au uliotengenezwa kiwandani. Anausaga pamoja na mafuta mpaka uwe laini kama siagi. Lakini si mafuta yoyote. Ukipaka mawese juu ya ubao, yatabaki na unato siku nyingi, wala hayatakauka. Mafuta ya wachora picha hutoka katika mbegu za kitani, mmea unaolimwa Ulaya, ambao nyuzi zake hufumwa nguo. Mafuta hayo hukauka kwa njia ya ajabu. Nguo iliyofuliwa hukauka kwa kuwa maji yanaiacha na kwenda hewani. Mafuta ya kitani hayaendi popote. Yanavuta oksijeni ya hewa, na polepole yanageuka kuwa ngozi ngumu, na rangi inafungwa ndani yake. Yanahitaji siku kadhaa. Rangi ikipakwa nene, miezi inapita kabla haijakauka mpaka ndani.

Zamani, kuichukua rangi hiyo njiani kulikuwa taabu. Iliwekwa katika kibofu cha nguruwe kilichofungwa kwa uzi. Mchora picha alitoboa kibofu kwa msumari mdogo, akakamua rangi, akaziba tundu. Mara nyingi kibofu kilipasuka, au rangi iliyobaki ilikauka na kupotea. Kwa hiyo wengi walitoka nje kwa saa chache tu, wakachora upesi picha ndogo, kisha wakarudi nyumbani kutengeneza picha kubwa ndani ya chumba, kwa kukumbuka.

Mwaka 1841 Mmarekani mmoja aliyekaa London, jina lake John Goffe Rand, alipata shauri jema. Alitengeneza tyubu ya bati laini yenye kifuniko, kama ile ya dawa ya meno. Mtu anaiminya, rangi inatoka kiasi anachotaka, kisha anaifunga. Naye Rand alikuwa mchora picha. Bila shaka alikuwa amechoka na vibofu. Tangu hapo mtu aliweza kutia rangi zake zote katika sanduku dogo, kuliweka begani na kutembea mbali.

Mmoja wa waliotembea hivyo alikuwa Mfaransa Claude Monet, aliyezaliwa Paris mwaka 1840. Alikulia Le Havre, mji wa bandari. Alipokuwa kijana alichora nyuso za watu kwa kuwachekesha wengine, na alipata fedha kwa michoro hiyo. Mchora picha mmoja wa pwani ile, Eugène Boudin, mtoto wa baharia, alimchukua nje akamwonyesha bahari na mawingu. Monet hakuacha tena kutazama nje. Picha moja aliyoipaka mwaka 1870 katika pwani ya Trouville imewekwa London hata leo, na ndani ya rangi yake zimo chembe za mchanga. Upepo uliutupa mchanga juu ya rangi mbichi, nao ukakauka humo.

Lakini adui mkubwa wa mchora picha wa nje si upepo. Ni jua. Rangi inakauka polepole, na jua linakwenda mbio. Mchora picha anaanza saa mbili ya asubuhi, kivuli cha mti kikiwa kirefu na cha buluu. Ikifika saa nne, kivuli kimefupika, majani yamepata rangi nyingine, na mto uliong'aa haung'ai tena. Akiendelea, atachanganya asubuhi na mchana katika kitambaa kimoja, na picha itakuwa ya uongo. Tena, akipaka rangi mpya juu ya ile mbichi bila kuangalia, zote mbili zitachanganyika na kufanana na matope.

Monet alifanya nini? Alichukua vitambaa vingi. Alipokuwa Étretat, kijiji cha pwani chenye miamba mirefu meupe, mwandishi Guy de Maupassant alimwona akienda kazini, na nyuma yake watoto wamembebea vitambaa 5 au 6. Vyote vilikuwa vya mahali pamoja, lakini kila kimoja kilikuwa na saa yake. Mwanga ukibadilika, Monet aliweka chini kitambaa kimoja na kushika kingine. Kesho yake, saa ileile, akikuta mwanga uleule, alirudia kile cha kwanza. Wingu likipita, alingoja. Hivyo jua halikumshinda, na rangi nayo ilipata nafasi ya kukauka.

Katika kungoja huko, mtu husahau mengine. Maji ya bahari ile hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Mwezi wa 11, mwaka 1885, Monet alikuwa akipaka picha chini ya mwamba wa Étretat uitwao Manneporte. Alidhani maji yanapwa, kumbe yanajaa. Wimbi kubwa likamtupa juu ya mwamba, likamvuta majini pamoja na vyombo vyake. Aliona amekufa. Alitoka akitambaa kwa mikono na magoti, nguo zimelowa, ndevu zimejaa rangi ya buluu na ya manjano. Picha yake iliharibika kabisa. Hata hivyo hakuacha kazi ya nje.

Mwaka 1891 shida nyingine ikamjia. Alikuwa akipaka picha za mipopla, miti mirefu myembamba iliyosimama katika mstari kando ya mto Epte, karibu na kijiji chake cha Giverny. Miti hiyo ilikuwa mali ya kijiji cha jirani, na wenyewe waliamua kuiuza ikatwe mbao. Picha zilikuwa hazijakwisha. Mwanga mwingine aliutaka ulikaa dakika chache tu kwa siku; angewezaje kuharakisha? Monet akamwendea mfanyabiashara wa mbao aliyetaka kuinunua, akampa fedha zake mwenyewe ili ainunue, lakini asiikate kwanza. Basi mipopla ikabaki imesimama, naye akaendelea kuitazama kutoka ndani ya mtumbwi wake, vitambaa vikiwa vimepangwa kando yake, mpaka alipomaliza.