Uyoga huvuka mpaka, ujuzi hubaki porini

Agosti 2021, familia ya Kiafghani iliyokuwa imetoka tu kuhamishwa nchini mwake ilichuma uyoga msituni, karibu na kituo cha wakimbizi nje ya jiji la Warsaw, Poland, ikaupika. Watoto wawili wa kiume, wa miaka 5 na 6, walifariki. Mmoja alikuwa amepandikizwa ini jipya.

Uyoga ulioshukiwa huitwa kitaalamu Amanita phalloides. Sumu yake haiishi kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa. Ladha yake haina kasoro, na mlaji anaweza kukaa saa 6 hadi 24 bila kuhisi lolote. Ndipo huanza kutapika na kuharisha. Baadaye hupata nafuu ya uongo, siku ya pili au ya tatu, huku ini likizidi kuharibika.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani, Poland si mbali kama inavyoonekana. Msimu wa mvua, uyoga wa misitu ya miombo huuzwa kandokando ya barabara nchini Zambia na Tanzania. Mmojawapo, Amanita zambiana, ni wa ukoo mmoja na ule wa Poland. Nao una pete kwenye shina na kikombe chini yake, lakini huliwa. Mchumaji anautambua tangu utotoni. Anayeununua ili auvushe Tunduma hana macho hayo, na mteja wake ndiyo kabisa.

Wapo wanaotegemea kijiko cha fedha au kitunguu saumu kibadilike rangi sufuriani. Hakuna kati ya hivyo kinachotambua sumu. Wengine hutazama kama umeliwa na konokono, lakini konokono hula uyoga wa sumu na kuendelea na safari yake.

Hatari zaidi ni uyoga uliokatwa vipande na kukaushwa. Kikombe kimebaki ardhini, pete imepotea, na hata mtaalamu atashindwa kuusoma. Afadhali kununua mzima, pamoja na shina lake lote, kwa mchumaji anayefahamika, na kutochanganya uyoga wa wachumaji wawili katika gunia moja. Faida ya kujaza gunia haraka ni ndogo mno.

Mteja akiugua, apelekwe hospitali mara moja hata akisema amepona, na masalio ya uyoga yabebwe.