Je, Wajua? Besi, Mabati na Chumba cha Kumi kwa Kumi

Je, wajua kwamba chumba chako kina nota yake? Chumba cha futi 10 kwa 10, wanachokijua vyema wapangaji wengi wa Nyalenda, Manyatta na Obunga mjini Kisumu, kina mita 3.05 kutoka ukuta hadi ukuta. Sauti ikienda na kurudi imesafiri mita 6.1, na kwa joto la Kisumu safari hiyo hurudiwa takriban mara 57 kwa sekunde, yaani hezi 57. Uzi wa A wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa hezi 55. Mpiga besi wa benga akiugusa tu, kuta huvuma pamoja naye, na nota za jirani zinasikika nyonge. Tena kwa kuwa urefu na upana wa chumba ni sawa, kuta zote nne hukazia masafa yale yale. Mwenye nyumba analaumu wufa. Wufa haina kosa lolote. Kosa ni la vipimo vya chumba.

Je, wajua kwamba mvumo huo hauko sawa kila mahali chumbani? Ukutani unajaa, katikati ya chumba unakaribia kutoweka. Kochi likiegemezwa ukutani, kama ilivyo kwenye nyumba nyingi, masikio yako yako pale pale besi inapofura. Ukisimama katikati unasikia pengo, na pengo hilo haliwezi kuzibwa na ikwalaiza. Kila unachoongeza, mawimbi yanayokutana hapo yanakifuta.

Kuta za mabati ni habari nyingine. Ni nyepesi, kwa hiyo haziwezi kuizuia besi. Inapita na kumfikia jirani, huku misumari iliyolegea ikitoa mlio wake. Usitafute mlio huo ndani ya spika. Bana bati kwanza.

Je, wajua kwamba joto hubadilisha hesabu? Hewa ikiwa nyuzi 18 alfajiri, sauti huenda mita 342 kwa sekunde. Jua la alasiri likifikisha nyuzi 30, huenda karibu mita 349. Mvumo wa chumba kile kile unapanda kutoka hezi 56 hadi 57 na ushei. Ukiushusha mvumo huo kwa ikwalaiza, kichujio chembamba mno kitakosa shabaha saa fulani za siku, kwa hiyo kipe upana kidogo.

Je, wajua kwamba ukiongeza besi kwa desibeli 3 unaidai amplifaya nguvu maradufu, na ukiongeza desibeli 10 unaidai mara kumi? Amplifaya ya wati 20 iliyokuwa ikitoa wati 5 bila shida sasa inadaiwa 50. Haina. Itakata vilele vya mawimbi, sauti itakwaruza, na twita inaweza kuungua kwa kosa ambalo si lake. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu mali yao, na inasikitisha kwa sababu tiba ni bure: punguza kinachozidi, usiongeze kinachopungua. Ukishusha zile hezi 57 kwa desibeli 6, gitaa la besi litaanza kutamka nota moja moja.

Je, wajua kwamba krosova, yaani kigawa sauti kati ya wufa na twita, katika spika nyingi za bei nafuu ni kapasita moja tu? Kapasita ya mikrofaradi 4.7 ikifungwa mbele ya twita ya omu 8 huanza kuzuia sauti nzito kuanzia karibu hezi 4,200 kushuka chini. Huzuia polepole: kila masafa yanapopungua nusu, sauti hushuka desibeli 6. Krosova ya kidijitali huigawa sauti ikiwa bado ni namba, kabla haijafika kwenye amplifaya, na inaweza kushuka desibeli 24 kwa hatua hiyo hiyo. Mkato unaopendwa zaidi ulielezwa mwaka 1976 na Siegfried Linkwitz, aliyefanya kazi na mwenzake Russ Riley katika kampuni ya Hewlett-Packard. Uzuri wake ni kwamba pale wufa na twita zinapopokezana, kila moja iko chini desibeli 6 na zote zinasukuma hewa kwa pamoja, hivyo jumla yake haina bonde wala kilima. Gharama yake ni kwamba kila wufa na kila twita inahitaji chaneli yake ya amplifaya. Spika mbili za njia mbili zinataka chaneli nne.

Krosova hiyo hiyo inaweza kuichelewesha twita ili sauti yake ifike pamoja na ya wufa. Milisekunde moja ni sawa na takriban sentimita 35 za hewa.

Je, wajua kwamba ikwalaiza ilikuwa ndani ya santuri za benga tangu mwanzo? Zile sahani ndogo za mizunguko 45, zikiwemo za D. O. Misiani na Shirati Jazz yake, zilikatwa kwa utaratibu uliowekwa Marekani mwaka 1954: besi hupunguzwa na sauti nyembamba hupandishwa wakati wa kukata, kisha amplifaya ya santuri hugeuza hesabu hiyo. Ukinakili sahani ya mzee wako kwenye kompyuta bila hatua ya pili, utapata gitaa linalokwaruza na besi iliyokonda. Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania na kufa katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006, anastahili kusikika kwa uzito wake kamili.

Redio za FM nazo hupandisha sauti nyembamba kwenye mtambo, na kipokezi huzishusha.

Je, wajua kwamba sikio hupoteza besi sauti ikiwa ndogo? Watafiti Fletcher na Munson walilipima jambo hilo mwaka 1933. Basi rekebisha spika kwa kiwango unachosikilizia kila siku. Na usiku kuna sheria: kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zinaruhusu, nje ya nyumba za makazi, desibeli 50 mchana na 35 usiku.

Je, wajua kwamba programu za kupima na kurekebisha, Room EQ Wizard na Equalizer APO, hazilipiwi? Tafuta maiki ya vipimo, kwa sababu maiki ya simu mara nyingi hudanganya kwenye besi. Kisha jaribu matokeo kwa wimbo wenye nafasi ndani yake. Mimi ningechagua “Kothbiro” wa Ayub Ogada: nyatiti na sauti ya mtu. Nyuzi zikisikika ziko mahali pamoja na mwimbaji, umefika.

Hata bila kompyuta, jioni ya leo fanya hivi kabla ya kutoa pesa kwa wufa nyingine. Weka uliyo nayo pale unapoketi, cheza wimbo wenye besi nyingi, kisha piga magoti uzunguke kando ya kuta ukisikiliza. Mahali ambapo kila nota ya besi inasikika sawa na mwenzake, hapo ndipo uiweke.