Neno lililo kwenye pakiti yako ya maziwa

Itazame pakiti ya maziwa uliyonunua dukani leo. Huenda utaona neno la Kiingereza “pasteurised”. Wagonjwa wengi huniambia maana yake ni maziwa yasiyo na kiini hata kimoja. Sivyo.

Kitenzi “pasteurise” kinatokana na jina la Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa ambaye katika miaka ya 1860 alionyesha kwamba divai ikipashwa moto kiasi, bila kuchemka, haiharibiki upesi. Baadaye njia hiyo ilitumiwa kwa maziwa. Hupashwa hadi nyuzijoto 63 za Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzijoto 72 kwa sekunde 15, kisha hupozwa mara moja.

Moto huo huua viini vya magonjwa kama kifua kikuu cha ng’ombe na brusela, lakini baadhi ya viini vinavyochachusha maziwa hubaki hai. Ndiyo sababu maziwa hayo huwekwa kwenye friji na kunywewa kabla ya tarehe iliyoandikwa.

Usichanganye kitenzi hiki na “sterilise”, yaani kuua viini vyote, kama tunavyofanya kwa vyombo vya upasuaji. Maziwa yaliyoandikwa UHT nayo hupashwa moto mkali zaidi, nyuzijoto 135 au zaidi, kwa sekunde chache tu. Hayo hukaa miezi kadhaa nje ya friji, mradi pakiti haijafunguliwa.

Je, unanunua maziwa ya kupimiwa? Muuzaji asipokuhakikishia kuwa yamepashwa moto kiwandani, yahesabu kuwa mabichi. Yachemshe mpaka yafure. Ukitaka mala, chemsha kwanza, acha yapoe, ndipo uyagandishe. Uchachu peke yake si kinga ya kutegemewa.

Brusela huleta homa ya kwenda na kurudi, jasho usiku, uchovu na maumivu ya viungo na mgongo. Wengi hudhani ni malaria, wakanunua dawa dukani na kuendelea kuumia kwa majuma. Ukiwa na dalili hizo, nenda hospitalini upimwe, na usisahau kumwambia daktari kama umekunywa maziwa mabichi. Habari hiyo ndogo yaweza kumwelekeza kwenye kipimo kinachofaa.